Goti la Mlingoti

Wachezaji watano walipohitimu kwa mkupuo mmoja, mashabiki walisema mpira wa kikapu pale chuoni umekufa na kuzikwa. Timu iliyobaki ilikuwa ya watoto wa mwaka wa kwanza na wa pili, wengine hata ndevu hazijajua njia. Muuza rangi, ambaye duka lake lilitazamana na karakana ya makochi, aliipa jina siku hiyohiyo: Chekechea.

"Wakifungwa watalia wanataka mama zao," alisema, na wateja wake wakaangua kicheko.

Aliyekataa kucheka alikuwa fundi makochi. Mtaa mzima ulimwita Kamati, kwa sababu alizungumzia habari za timu kana kwamba hakuna kikao kilichokaa bila yeye. Ukweli ni kwamba hakuwa na cheo chochote chuoni. Hakusoma pale, wala mabinti zake pacha, walioolewa zamani wakahamia mbali, hawakusoma pale. Ila siku moja aliwahi kupelekwa kubadilisha sponji za viti vya ukumbini, akaona mazoezi, na tangu hapo hakutoka tena. Kocha, mwalimu wa hesabu mwenye sauti ndogo, alimruhusu akae pembeni ya benchi. Kwa Kamati ruhusa ile ilikuwa ubalozi.

"Subirini ligi ianze," aliwaambia wa ng'ambo ya barabara. "Mtoto akililia wembe mnampa. Hawa wanalilia kikombe."

Mwezi uleule, dada wa mkewe aliomba mwanawe apokelewe. Kijana alikuwa amepata nafasi chuoni kusomea upimaji wa ardhi, na mabweni yalikuwa yamejaa. Kamati alinung'unika.

"Mama Pacha, nyumba yenyewe vyumba viwili na nusu, na hiyo nusu ina sponji. Atalala wapi? Ndani ya kochi la mteja?"

"Atalala juu ya hizo sponji," mkewe alijibu bila kuinua uso kwenye cherehani. "Mtoto wa dada yangu ni mwanangu. Ukimkataa, nikatae na mimi."

Kijana akafika Jumapili na begi moja. Aliinama mlangoni, na bado paji la uso likagonga fremu. Kamati aliweka nyundo chini.

"Shikamoo, baba mdogo."

"Marahaba," alisema Kamati, macho yakimpanda kijana kutoka viatuni hadi utosini, jinsi anavyopima kitambaa kwa jicho kabla hajakigusa kwa futi. "Hebu nyoosha mkono juu."

Kijana akanyoosha. Kiganja kikalala kwenye dari.

"Umewahi kucheza mpira wa kikapu?"

"Shuleni, kidogo. Lakini mimi napenda zaidi mambo ya ramani, baba mdogo, yale ya kwenda porini na vyombo vya kupimia…"

"Mama Pacha!" Kamati aliita. "Toa sponji zote chumbani. Mtoto apate kupumua!"

Kesho yake alimpeleka kwa kocha, yeye mbele, kijana nyuma, kama mtu anayepeleka posa. Kabla ya wiki kuisha jina Mlingoti lilikuwa limeshamganda kijana, na karakana ilikuwa ikifungwa alasiri. Makochi ya watu yakabaki uchi, mbavu nje, yakisubiri. Mteja mmoja alikuja mara ya tatu kuulizia viti vyake, akaambiwa fundi yuko kazini.

"Kazini wapi, na kazi yake ndiyo hii?"

"Muulize yeye akirudi," alijibu Mama Pacha, aliyechoka kumtafutia mumewe visingizio.

Lakini hata Mama Pacha hakuweza kukana kwamba nyumba ilikuwa imepata uhai. Kamati alikuwa mtu wa kula kimya na kulala mapema. Sasa alikuwa anasimama mlangoni kumngoja kijana, anampokea begi, anamwekea kipande kikubwa cha nyama kwenye sahani, anasukuma vyombo vya mezani huku na huku kumwonyesha nani asimame wapi. Kikombe cha chai kilikuwa Sindano, yule mfupi anayepenya katikati ya watu. Birika lilikuwa Mlingoti. "Sindano akipenya, wote wanamkimbilia. Wewe uko wapi? Uko hapa, chini ya ringi, peke yako, kama bwana harusi!" Kijana alicheka. Alikuwa amefiwa na baba angali mdogo, na hakuzoea kungojwa mlangoni.

Na matumaini yenyewe hayakuwa ya kijinga. Chekechea walikuwa wanaiva. Walikimbia bila kuchoka, walipeana mpira bila choyo, na mpira wowote uliogonga ubao ukarudi, ulikutana na mikono ya Mlingoti. Kocha, ambaye sifa kwake zilitoka kwa shida kama jino, alisema, "Hawa wanaweza kufika mbali." Kamati aliyabeba maneno hayo mtaani, na kila alipoyatua yalikuwa yameongezeka uzito. Mwishowe ilikuwa kocha ameapa kuleta kombe.

Siku moja mazoezini Mlingoti aliruka, akatua vibaya juu ya mguu wa mwenzake. Aliinuka, akaendelea. Nyumbani hakusema kitu. Mama Pacha ndiye aliyeona kwamba kijana anashuka ngazi za nyuma kwa ubavu, kama kaa, na kwamba akikaa huegemeza mguu juu ya kochi lisilomalizwa na kuuma mdomo.

"Goti hilo limefanya nini?"

"Si kitu, mama mdogo. Usimwambie baba mdogo."

Neno hilo la mwisho ndilo lililomtia hofu. Alimshika mkono, urefu wake wote ule, akampeleka kliniki. Daktari alipiga picha, akabonyeza, akauliza maswali, kisha akasema kano za goti zimechanika, lakini hazijakatika. Zikipumzishwa miezi kadhaa zitashika zenyewe. Akizirukia, zitakatika, na hapo asije kumlaumu mtu.

Jumamosi asubuhi, siku ya mechi ya kirafiki ya kwanza, dhidi ya timu ya kiwanda cha saruji, Mama Pacha alimfuata mumewe karakanani. Kamati alikuwa anapiga viatu vyake rangi.

"Baba Pacha, acha hivyo viatu unisikilize." Akamweleza yote, neno kwa neno.

Kamati aligeuza kiatu upande wa pili. "Daktari gani? Wale kazi yao kutisha watu."

"Nimeiona picha kwa macho yangu."

"Kocha anajua?"

Mkewe akamtazama. "Nakwambia mtoto anaumwa, unaniuliza kocha anajua?"

"Nimeuliza tu. Sawa, mama. Nimesikia."

"Napeleka mapazia kwa mteja. Nikirudi tunakwenda wote kwa kocha, kabla hawajaanza. Umenielewa?"

"Nimesema sawa."

Alipotoka, Kamati alikaa na kiatu kimoja mkononi. Ng'ambo ya barabara muuza rangi alikuwa anafunga duka mapema. Alikuwa amesema atakuja kushuhudia huyo Mlingoti kwa macho yake, na atakuja na wenzake. Kamati akaingia chumbani. Kijana alikuwa amekaa juu ya godoro lake la sponji, kitabu mapajani.

"Goti linaendeleaje?"

"Linauma kidogo, baba mdogo."

"Kidogo, si sana?" Kamati alichuchumaa mbele yake. "Sikiliza, mwanangu. Dakika chache tu. Wakuone, basi, utoke, upumzike hadi ligi. Watu wanakuja kwa ajili yako. Usipoonekana, huu uso wangu niuweke wapi?"

Kijana alilitazama goti, kisha akamtazama yule mtu aliyemchuchumalia.

"Naweza," alisema.

Baadaye Kamati alilishika neno hilo kama mfa maji. Alisema anaweza. Mwenyewe, kwa kinywa chake. Lakini mtoto anayelala katika nyumba ya mtu hajui kusema siwezi, na Kamati, ambaye naye alilelewa kwa ami yake, alilijua hilo kuliko wengi.

Alikata kipande cha ule mpira mpana unaofungwa chini ya makochi, akauzungusha gotini, akaukaza kwa ufundi wake wote. Juu yake akavuta soksi iliyokatwa kidole, ionekane kama mtindo wa vijana. Wakaondoka bila kumngoja Mama Pacha.

Watu wa saruji walikuwa watu wazima wenye vifua kama makabati. Muuza rangi alikohoa kwa dharau Chekechea walipojipanga mbele yao. Kisha mpira ukarushwa, na kikohozi kikaisha. Sindano alipenya, makabati yakamfuata, na mpira ukaruka juu ya vichwa vyao hadi kwa Mlingoti, peke yake chini ya ringi. Kikapu. Tena. Na tena. Watu walisimama. Kamati aligeuka amtafute muuza rangi, akamwona mdomo wazi, na kwa muda mfupi ule alikuwa na kila kitu alichowahi kukitaka.

Dakika chache zikapita, zikafuatwa na nyingine. Kocha aliinama upande wa Kamati.

"Kijana wako yuko sawa? Naona anatua kwa mguu mmoja."

"Yuko sawa, kocha. Bado misuli haijapata moto."

Kocha akamwacha uwanjani. Shambulizi la pili baada ya hapo, Mlingoti aliruka na makabati mawili. Wao walitua. Yeye alianguka, na waliokuwa karibu walisema walisikia kitu kikikatika. Hakupiga kelele. Alilishika goti kwa mikono miwili akawa anavuta pumzi kwa meno.

Wale watu wa saruji ndio waliombeba. Kocha alivuta soksi, akauona mpira wa makochi umekazwa, nyama imevimba juu na chini yake.

"Nani alifunga hii?"

Kamati alikuwa amesimama palepale. Alifungua mdomo.

"Mimi mwenyewe, mwalimu," alisema Mlingoti.

Kamati akaufunga mdomo.

Mama Pacha aliwakuta hospitali. Alikuwa amefika nyumbani, akakuta mlango una kufuli. Juu ya kiti, kando ya kitanda, alikiona kile kipande cha mpira. Alikiokota, akakinyoosha kati ya vidole.

"Hiki ni cha kochi la mteja wa juzi," alisema polepole. "Nilikipima mimi."

"Alisema anaweza, Mama Pacha."

Mama Pacha alikikunja kile kipande. Kisha akampa mgongo.

Kijana alipasuliwa. Daktari alisema atatembea, lakini mguu hautakunjika sawasawa, na kupanda na kushuka vilima na mizigo begani asahau. Hiyo ndiyo ilikuwa kazi yenyewe ya kupima ardhi. Chuo kilimpa ruhusa ya mwaka mmoja afikirie kozi nyingine. Mama yake alikuja kumchukua. Hakumtukana shemeji yake, na kheri angemtukana. Alimpita kwenye korido kama mtu anayepita ukuta, na Mama Pacha akaondoka nao, akakaa huko hadi kijana alipoweza kusimama kwa magongo.

Kabla ya kuondoka Mama Pacha alimwambia kocha kila kitu. Kocha alikuja karakanani, akakataa kiti.

"Uliniambia yuko sawa."

"Alisema anaweza, kocha."

"Sikumuuliza yeye. Nilikuuliza wewe, kwa sababu wewe ni mtu mzima." Sauti yake ilikuwa ndogo kama siku zote. "Usije tena mazoezini. Wala kwenye mechi zetu."

Ligi ikaanza. Chekechea walishinda nyingi kuliko mtu yeyote alivyotegemea, wakafika nusu fainali, Sindano akabebwa mabegani mtaa mzima. Kamati alizisikia shangwe zikipita nje akiwa na misumari mdomoni. Muuza rangi alivuka barabara kumpa matokeo, taratibu, kwa sauti ya mtu aliyekuja msibani. Hakumtania hata mara moja. Mtu ukishaacha kutaniwa mtaani ujue umeshahukumiwa, na Kamati angelipa chochote asikie tena neno moja la kejeli.

Mama Pacha alirudi. Alirudi kwa sababu cherehani ilikuwa yake na wateja walikuwa wake. Alimwambia mumewe habari za vitambaa, vifungo na gundi iliyokwisha, basi.

Msimu ulipokwisha Kamati alivaa shati safi akaenda mji wa shemeji yake. Njiani alikuwa amepanga maneno ya kuomba radhi, ameyageuza na kuyageuza. Kijana alimfungulia mlango mwenyewe. Mguu ulichora nusu duara kabla ya kugusa sakafu.

"Shikamoo, baba mdogo. Karibu. Habari za safari? Mama mdogo hajambo?"

Alimletea kiti, akamletea chai, akamuuliza kama sukari inatosha. Chumba cha pili kulikuwa na mtu anayepanga vyombo, na mtu huyo hakutokea. Kamati aliweka kikombe chini aanze yale maneno. Alipofungua mdomo, kilichotoka ni habari za timu: jinsi walivyofika nusu fainali, jinsi Sindano alivyokuwa, jinsi kama tu pangekuwa na mtu mrefu chini ya ringi…

Akayasikia maneno yake mwenyewe. Akayakatiza.

Kijana alikuwa akitabasamu kwa adabu, kama anavyotabasamiwa mgonjwa.

"Baba mdogo, mimi mpira sikuupenda kihivyo," alisema. "Nilicheza kwa sababu ulikuwa unafurahi. Sijawahi kuona mtu anafurahi hivyo nikiingia mlangoni."

Kamati aliishika chai kwa mikono miwili. Alitaka kusema kwamba furaha ile ilikuwa ya kweli, kwamba haikuwa ya urefu tu. Alijichunguza apate kuisema bila kudanganya, akachelewa sana, hadi kijana akauliza kama angependa chai nyingine.

Aliporudi mkewe alikuwa anashona karakanani.

"Amekwambia nini?"

"Ameniamkia. Amenipa chai."

"Amenishinda kwa wema," alisema Mama Pacha. "Mimi hata hiyo chai siwezi kukupa."

Akakanyaga cherehani, na kelele zake zikajaa karakana yote.