Suti ya Jumanne

Mjomba Lemuel alikuwa akimnyunyizia nguruwe siki na pilipili aliponiambia kwamba suti yake imeshapigwa pasi.

"Suti ya nini?" nikamuuliza.

"Ya Jumanne. Mtu haendi kupiga kura kama anakwenda kununua misumari."

Tulikuwa nyuma ya kanisa, kwenye jiko la matofali ambalo huwashwa kila vuli kwa ajili ya mnada wa chakula. Nguruwe mzima alikuwa amelala juu ya wavu tangu alfajiri, na mjomba alikuwa akimwekea makaa chini yake kidogo kidogo kwa koleo. Mashariki ya North Carolina, mtu anayechoma nguruwe haachi moto wake. Anaweza kukuachia nyumba na gari. Moto, hapana.

Nilifurahi kusikia habari za suti. Babu, baba yake mjomba, alinyimwa kura kwa sababu ya rangi yake mpaka alipokuwa na watoto watatu, na tangu siku alipoipata hakuwahi kwenda kituoni bila koti na tai. Mjomba alikuwa akifuatana naye akiwa mtoto. Alipokua akapiga kura mara kadhaa, kisha likatokea lile lililompeleka gerezani, na baada ya gereza miaka ya kuangaliwa na serikali. Alimaliza yote mwezi wa Aprili.

Vuli nzima mimi nilikuwa nikigonga milango ya watu mjini, nikiwauliza kama wamejiandikisha. Kila nilipomuuliza yeye, alijibu kwamba mambo yake yako sawa. Siku hiyo, sijui kwa nini, nikauliza kwa namna nyingine.

"Mjomba, ulijiandikisha mwaka gani?"

"Swali gani hilo? Mwaka niliomaliza shule."

"Na baada ya Aprili?"

"Baada ya Aprili kitu gani? Mtu akitoka hospitali anarudi kwenye kitanda chake. Kifungo kimeisha, jina limerudi mahali pake."

"Halirudi lenyewe, mjomba. Inabidi ujiandikishe upya."

"Basi nitajiandikisha Jumanne hiyohiyo, pale kituo cha zimamoto tunapopigia kura."

"Jumanne hawaandikishi mtu. Muda wa kawaida umeshapita. Kumebaki maktaba tu, kwenye kura za mapema. Pale wanakuandikisha na unapiga kura hapohapo. Na leo ndiyo siku ya mwisho. Wanafunga saa tisa."

Koleo likasimama hewani. Nilidhani atakasirika, lakini sauti yake ilishuka.

"Kezia, nikikosea je? Nikitia sahihi, halafu mtu aseme Lemuel hakuruhusiwa? Nirudi ndani kwa sababu ya kura?"

Ni kweli kwamba ukipiga kura kabla hujamaliza kifungo ni kosa, na watu wengi kama mjomba hukaa mbali na vituo miaka yote kwa hofu hiyo tu. Nikatoa simu, nikafungua tovuti ya magereza ya jimbo, nikaandika jina lake. Nikaishika mbele ya macho yake yaliyojaa moshi. Alisoma polepole, midomo ikitembea. Kifungo: kimekamilika. Uangalizi: umekwisha.

"Wameiandika wenyewe," akasema.

"Wenyewe."

"Mbona afisa wangu hakusema hivyo? Yeye alisema, 'Lemuel, sitaki kukuona tena.'"

"Ndiyo maana yake hiyohiyo."

Akacheka. Kisha akamtazama nguruwe na kicheko kikakatika. "Nani atabaki na huyu?"

Nilijua jibu, naye alilijua, na ndiyo maana alikunja uso. Shemasi Hosea alikuwa amekaa kwenye kiti cha kukunja upande wa pili wa jiko, mikono juu ya tumbo. Kwa miaka mingi wawili hao walikuwa wamebishana kuhusu kila nguruwe aliyechomwa katika wilaya yetu.

"Nimesikia yote," Shemasi akasema bila kuinuka. "Nenda, Lemuel. Hatimaye watu watakula nyama badala ya siki."

"Ukigusa siki yangu, Hosea, nitakuzika chini ya madhabahu."

"Kwanza kapige kura. Maiti yangu itakusubiri."

"Makaa pembeni, si katikati. Mabegani zaidi kuliko tumboni."

"Nilikuwa nachoma nguruwe wewe ukinyonya kidole!"

"Na ladha yao ilikuwa ya kidole."

Nilimvuta mjomba kwa mkono. Alitembea kinyumenyume mpaka kwenye gari, akitoa maagizo. Hakukuwa na muda wa kwenda kuvaa suti. Alikuwa na aproni yenye mafuta na buti zenye majivu. Njiani alijikung'uta mara nyingi.

Foleni ilitoka nje ya maktaba na kuzunguka kona. Nikamweleza kwamba ukiwa umeshasimama kwenye foleni saa tisa ikigonga, hawawezi kukufukuza. Watu walianza kugeuka na kunusa.

"Ndugu, hiyo harufu unaiuza?" kijana mmoja akauliza.

"Nyuma ya kanisa. Piga kura kwanza," mjomba akamjibu, na mabega yake yakalegea kidogo.

Mlango ulifungwa nyuma yetu tukiwa ndani. Mama mwenye miwani alichukua leseni yake ya udereva, akaiangalia anwani, akauliza maswali yake. Akafika kwenye lile moja: umemaliza kifungo chote, pamoja na uangalizi? Mjomba alinitazama. Nikamwachia ajibu. Lilikuwa swali lake.

"Nimemaliza, mama. Chote."

"Basi tia sahihi hapa," akasema, kwa sauti ileile aliyoitumia kwa kila mtu. "Karibu."

Alikaa kwenye kibanda cha kupigia kura muda mrefu kuliko wote. Watu watatu waliingia na kutoka vibanda vya jirani. Nilimwona akigeuza karatasi, akairudisha, akaigeuza tena. Alipoiingiza kwenye mashine aliweka kiganja juu yake, kama mtu anayehakikisha mlango umefungwa.

Tukatoka, tukaingia garini. Nilitegemea aulize habari za nguruwe. Alikuwa anatabasamu, lakini amekunja kipaji cha uso.

"Nimejaza yote," akasema. "Juu mpaka chini, mbele na nyuma. Kule mwisho kuna cheo cha msimamizi wa udongo na maji. Nimempigia kura yule mwanamke anayekigombea. Anafanya kazi gani?"

"Kwa kweli, mjomba, sijui."

"Wewe na digrii yako?"

"Mimi na digrii yangu."

Akafunga mkanda, akafikiri. "Ofisi yao itakuwa wapi? Lazima wana ofisi. Jumatano utanipeleka nikamwulize. Nimeshamwajiri mtu, nataka nijue anafanya nini."

"Na asiposhinda?"

"Basi nitamwuliza huyo aliyeshinda," akasema mjomba. "Yeye pia ni wangu sasa. Endesha."