Wageni wa Saa ya Ukutani

Siku ile mjinga alikuwa yeye, wala tusihangaike kumtafuta mwingine. Watu walimwita Tiktak: fundi saa mwenye karakana yenye upana wa kitanda, kioo cha kukuzia jichoni, na blogu kuhusu saa za zamani. Hiyo blogu hakutumwa na mtu. Aliipenda tu, kama wengine wanavyopenda kufuga njiwa. Kila alipofungua saa yenye utumbo wa ajabu aliipiga picha, akaeleza meno ya gurudumu hili na ulegevu wa springi ile, kisha akakaa kungoja wageni.

Wageni hawakuja. Kihesabio cha pembeni mwa ukurasa kilisema kumi na mmoja kwa siku, na katika hao, watatu walikuwa yeye mwenyewe: kwa simu yake, kwa simu ya mkewe, na kwa kompyuta ya karakanani.

Jumatatu alipita shemeji yake, mdogo wa mkewe, ambaye kazi yake ilikuwa kuandika matangazo ya magodoro. Akausoma ukurasa, akacheka hadi akashika ukingo wa meza.

“Shemeji, ‘Namna ya Kusafisha Gurudumu la Tatu’? Nani aache shughuli zake aje kusoma hii? Hata hilo gurudumu lenyewe halisomi!”

“Sasa niandike nini?”

“Kichwa kimkamate mtu shati. Picha imlize. Halafu mwishoni uwape sababu ya kurudi. Mtu akisharudi mara mbili, huyo ni wako.”

Mezani palikuwa na saa ya ukutani ya mkunga mmoja mstaafu, mjane wa miezi miwili. Alikuwa amesema isafishwe tu. “Ufunguo usiutie, fundi. Nitautia mwenyewe.” Katika mazungumzo akadokeza kwamba mzee alifariki saa nne asubuhi.

Tiktak alikuwa na utaratibu wake. Saa iliyosimama ikiingia karakanani, aliandika kwenye kikaratasi mishale imesimama wapi, akakifunga kwa uzi, na mishale haiguswi mpaka kazi iishe. Kikaratasi cha saa hii kilisema: saa moja na dakika kumi na mbili. Alijivunia utaratibu huo, na wateja walimheshimu kwa ajili yake.

Shemeji alipoondoka, Tiktak aliufungua mlango wa kioo, akaisukuma mishale mpaka saa nne kamili. Kikaratasi kikawa kinaning’inia pale kinamkodolea macho. Akakigeuza upande mweupe, akapiga picha. Juu yake akaandika: “Saa Iliyokata Roho Pamoja na Mwenyewe.” Na chini: “Jumamosi hii, saa nne ileile, nitaiamsha. Msikose.”

Kufikia Jumatano kihesabio kilikuwa kinakimbia kama kimechomwa moto. Mtu mmoja aliandika kwamba ameisoma kazini, akajifungia chooni kulia. Mwingine alisimulia kifo cha baba yake, maneno marefu, bila nukta hata moja.

“Leo tuna wageni elfu nne!” Tiktak alimtangazia mkewe mezani.

“Basi wape viti,” mkewe akajibu, akaendelea kula.

Akacheka sana, kuliko utani wenyewe ulivyostahili. Lakini karakanani hakuweza kufanya kazi huku saa ile ikimtazama. Alhamisi aliifunika kitambaa. Ijumaa aliihamishia rafu ya nyuma, na kitambaa chake, kama mtu anayeficha chungu alichovunja.

Jumamosi saa tatu na nusu, mkunga akaingia.

“Shikamoo, mama.”

“Marahaba. Nimekuja kuchukua saa yangu.”

“Karibu ukae, mama. Bado nusu saa kidogo, maana...” Akajiuma ulimi.

“Nusu saa ya nini?”

Kompyuta ilikuwa wazi nyuma ya Tiktak, na maneno yalikuwa yanapanda moja baada ya jingine: Tupo, fundi. Tunasubiri. Mama aliyatazama, kisha akapita hadi kwenye rafu, akaondoa kitambaa. Saa nne kamili.

“Mume wangu aliitia ufunguo Ijumaa, kama kila Ijumaa,” alisema. Sauti yake ilikuwa ya mtu anayesoma daftari la wodi. “Akafariki Jumatatu. Saa ikaendelea. Ukiijaza huenda siku nane, nadhani hilo nisikufundishe wewe. Siku tano nilikaa pale kitini nasikia mkono wake ukutani. Ilinyamaza Jumamosi, saa moja na dakika kumi na mbili asubuhi. Ndipo nikalia. Binti yangu yuko mbali, nilimsimulia hivyo hivyo. Jana ameona ukurasa wako, akanipigia simu akiuliza nani mwongo, mimi au fundi.”

Joto lilimpanda Tiktak mpaka masikioni. Hapo ndipo mwenye akili angeomba radhi. Lakini tumeshakubaliana siku ile mjinga alikuwa nani.

“Mama, lakini watu wamemlilia mzee. Elfu nne, mama! Watu wasiomjua kabisa.”

“Wamemlilia mtu mwingine. Wangu alikuwa anatia saa ufunguo.”

“Nikiifuta sasa hivi, wote wataondoka. Miaka mitatu naandika, mama, hakuna hata wa kunijibu salamu. Wamekuja wiki hii tu.”

“Mimi nilikuletea saa usafishe, sikukuletea msiba wangu uwakaribishie watu.”

Kompyuta ikalia: Fundi, dakika ngapi zimebaki? Tiktak akageuka, akaizima. Giza la kioo likamrudishia uso wake, na kile kioo cha kukuzia bado kimemng’ang’ania jichoni kama mtu aliyekuja kuchekesha watoto. Akakivua.

“Sikukusudia ubaya, mama yangu,” alisema, akiongea na meza. “Wallahi, sikujua kama ingekuumiza.”

Mkunga alikishika kikaratasi, akakigeuza, akausoma ule mwandiko taratibu. Kisha akakirudisha upande mweupe, kama kilivyokuwa kwenye picha, akaibeba saa yake kifuani.

“Ungekuwa hukujua, fundi, usingekigeuza.”