Mdomo wa Mama Saruji

Mume wa Mama Saruji alikuwa mchimba visima. Kuunda sanamu hakufundishwa na mtu. Alianza na kuku mmoja wa saruji, akanogewa, mpaka uwanja mzima ukajaa ng'ombe, majirani, na mkewe mwenyewe kasimama kando ya tangi la maji, mdomo wazi.

Alipofariki, watu wa makumbusho waliutangaza uwanja ule kuwa urithi, wakaweka uzio na vibao. Kibao cha mkewe kiliandikwa: "Mke Mgomvi".

"Sikuwa nagomba," Mama Saruji alimwambia msimamizi. "Nilikuwa namwita aje kula! Chakula kinapoa, yeye kang'ang'ania karai lake."

"Nakuelewa, mama. Lakini wataalamu walishafanya utafiti."

"Walimtafiti nani? Mimi niko hapa hapa. Hata shikamoo sikuisikia."

"Nitalifikisha."

Alilifikisha wapi, Mungu ndiye ajuaye. Wageni walisoma kibao, wakamtazama mama wa watu akianika nguo zake, wakakonyezana. Mmoja akathubutu kumwambia, "Bibi, hebu achama kidogo tupige picha."

Hapo ndipo uvumilivu ulipomwisha. Bintiye alimkuta juu ya stuli mbele ya sanamu yake, mwiko wa kujengea mkononi.

"Mama! Hiyo ni mali ya urithi!"

"Mdomo ni wangu."

Akauziba, akausawazisha kwa kidole gumba. Kisha akabaki pale pale juu ya stuli, akiutazama uso ule. "Na wewe," akamwambia marehemu kwa uchungu, "miaka yote ile ungeshindwa nini kuwaambia watu maana yake?"

Msimamizi alipofika alishika kichwa. Akaleta fundi na patasi. Asubuhi nzima ikaishia kwenye kuzibua.

"Zibueni tu," Mama Saruji alisema. "Kesho nitaziba tena. Saruji ninayo."

Msimamizi akaketi juu ya mgongo wa ng'ombe, hoi. "Haya, mama. Tuandike nini?"

"Andika: Njoo Ule."

Kibao kipya kilipowekwa alikipangusa vumbi kwa kanga yake, roho kwatu. Lakini haikufika hata saa sita mchana, mlango wa jikoni ukagongwa. Familia nzima ya wageni ilikuwa imepanga foleni, baba yao mbele.

"Samahani, mama, tumeona kibao. Leo kuna nini?"