Ufunguo wa Mzee Phatak

Mama mkwe wangu, Yesubai Sawant, alikuwa radhi tukose pa kulala kuliko kumvunjia heshima Mzee Phatak. Nasema hili waziwazi, na siku hizi hata mwenyewe habishi.

Kila sikukuu ya mungu wetu Ganpati, sisi watu wa pwani ya Konkan tunaoishi mtaa wa Girgaon hapa mjini hufunga vyumba tukaenda vijijini kwetu, na funguo tunamwachia mwenye nyumba, Mzee Phatak. Mkewe hutumwagilia mirehani, na hakijawahi kupotea hata kijiko. Lakini mwaka ule mzee alikuwa ameiuza nyumba, ingawa bado aliishi chini. Mnunuzi hatukumwona. Tuliona watu wake tu, wakipita barazani mbele ya vyumba vyetu na kugongagonga kuta kama wanaochagua matikitimaji sokoni.

Nilikwenda kumwuliza wakili mwenye meza nje ya mahakama. Akaniambia nyumba ikiuzwa, mpangaji hafukuzwi. Mnunuzi anamrithi kwa kodi ileile. Ila nikikabidhi ufunguo kwa mkono wangu, mtu anaweza kudai nimehama kwa hiari, na kesi ya namna hiyo utawaachia wajukuu. Nilirudi nyumbani.

Mume wangu na watoto walikuwa wametangulia kijijini. Nikamweleza Mama Yesubai, naye akaendelea kufunga mizigo.

"Mzee alinipokea hapa nikiwa bibi harusi," akasema. "Leo nimfiche ufunguo? Nitamtazama kwa macho gani?"

"Basi mpe, Mama. Lakini mimi nabaki."

"Akikuona atajua tunamshuku."

"Asinione. Nifungie humu."

Alisema nimerukwa na akili. Kisha akaniwekea maji, chapati na ndoo ya haja, akafunga kufuli kwa nje. Nilimsikia akishuka ngazi, na chini akimshukuru mzee kwa wema wake.

Niliogopa. Baraza letu ni la kelele: ukipiga chafya, jirani anakuombea uhai. Sasa palikuwa kimya, wote wameondoka, na mlango hauna namna ya kufunguliwa kwa ndani. Moto ukizuka je? Mchana kutwa nilikaa sakafuni nimeshika mti wa kusukumia chapati, nikijicheka.

Kesho yake, kabla ya saa sita, nikasikia viatu vizito, na katikati yake kikohozi ninachokijua.

"Hapa kwa Sawant hamna mtu," alisema Mzee Phatak. "Ufunguo nimepewa na mama mwenyewe."

Kufuli likafunguka, mlango ukasukumwa. Wanaume wawili waliingia na mzee nyuma yao, wakanikuta nimesimama.

"Mpangaji yumo," nikasema. "Hatujahama. Nyumba imeuzwa, sisi hatukuuzwa."

Mmoja akamgeukia mzee. "Si ulisema pako wazi?" Kisha akanitabasamia, na tabasamu lile ndilo linaloniamsha hadi leo. "Haya, dada. Lakini sokoni utakwenda, sivyo?"

Walitoka. Mzee Phatak alinisogezea ufunguo bila kuinua macho. Mkono wake ulikuwa baridi.

"Waliniambia watapaka rangi tu, binti yangu," akasema. "Na mimi wananitisha."

Nilitaka kumtukana, nikashindwa, maana niliona kweli ana hofu. Nikauchukua ufunguo, nikaushika mpaka ukanichoma kiganja. Chumba chetu kilikuwa kimepona, angalau siku ile.

Ndipo nikasikia mlio wa funguo. Yule aliyenitabasamia alikuwa na shada zima la funguo mkononi, zile majirani zetu wote walizomwachia mzee, akijaribu mmoja kwenye mlango wa jirani zetu kina Ladkat. Nikatoka barazani nikapiga kelele kwamba wenyewe wako kijijini, kwamba watarudi, kwamba sheria ipo. Hapakuwa na wa kuitika. Mlango wa kina Ladkat ukafunguka, wakaanza kutoa vyombo, na mwenzake akasogea kwenye mlango unaofuata.