Mkono wa Kushoto wa Koti

Fundi aliuweka mkono wa koti juu ya mizani ya jirani yake muuza viungo, akainama kusoma. Jirani akapuliza punje za pilipili manga zilizobaki kwenye sahani, maana hata punje ina uzito wake, na mshale ukarudi nyuma kidogo.

"Bado mzito," jirani akasema. "Toa bitana."

"Nikitoa bitana kitambaa kitamwasha."

"Basi toa vishikizo. Huko juu nani atamwangalia vishikizo?"

"Mimi."

Hata hivyo alivikata, akavikunja ndani ya kipande cha karatasi ili viende safari yao vyenyewe. Kidege alichokuwa nacho kilikuwa cha kuchezea tu, kina mapanga manne membamba na kamera ya ukubwa wa kunde, na hakikuweza kuinua zaidi ya uzito wa limau. Kwa hiyo koti lilikuwa linapanda vipande vipande. Mgongo ulikuwa umeshafika, na pande mbili za mbele, na kola, na mkono wa kulia. Ulibaki wa kushoto.

Koti lilikuwa la mdogo wake. Wakati wa uhai wake walifanya kazi chumba kimoja, yeye mdogo mtu akikata, dada mtu akishona. Mdogo wake hakupenda viti. Alikaa juu ya meza ya kukatia, miguu ameikunja, chaki nyuma ya sikio, na mkasi mzito uliomshusha bega la kulia mwaka hadi mwaka, mpaka bega likazoea kukaa chini. Jumamosi mchana alifunga kazi mapema akaenda uwanja wa zamani wa mpira, ambako walikutana warusha videge. Hawakuwa wakishindania kitu. Walirusha, wakatazama mabati ya nyumba zao kutoka juu, wakabishana kuhusu betri, wakarudi makwao. Walikuwa na desturi moja tu: kabla ya kushusha, kila mtu alipandisha kidege chake wima mpaka betri ianze kulia, akakiinamisha kushoto na kulia, ndipo akakiteremsha. Waliiita kuaga.

Mdogo mtu alipofariki, wenzake walikwenda uwanjani na kidege chake. Mwalimu mstaafu, ambaye ndiye aliyekuwa mkubwa wao, alishika rimoti akakipandisha kuaga. Kidege kilipofika karibu na usawa wa mnara wa simu, Mwalimu aliitazama skrini, akapangusa miwani, akaitazama tena.

"Yupo," akasema.

Skrini ikapita mkono kwa mkono mpaka ikamfikia Fundi. Mdogo wake alikuwa amekaa hewani, miguu ameikunja, kama aliyeko mezani. Alikuwa anakwangua kucha kwa pini.

"Amevaa shati la mikono mifupi," Fundi akasema.

"Ndilo alilokuwa nalo."

"Na huko juu kuna upepo."

"Upo, tena mwingi," Mwalimu akakubali. "Mimi huwa unanisukumia kidege mpaka kule kwa fundi magari."

Tangu siku hiyo Fundi alikuwa anakwenda kila Jumamosi. Mwalimu alimfundisha kurusha, na kwa kuwa vidole vyake vilishazoea kusukuma kitambaa chini ya sindano bila pupa, hakuchelewa kuelewa. Maswali yake aliyaandika kwa herufi kubwa kwenye karatasi ya vielelezo vya kukatia nguo, akayaning'iniza chini ya kidege kwa uzi. Mdogo mtu alijibu kwa mikono na uso. Alipoulizwa kama anaona duka, alitikisa kiganja: wastani. Alipoulizwa kama anapata usingizi, alicheka. Alipoulizwa kama kuna wengine huko, aligeuka huku na huku kama mtu anayetafuta sindano iliyoanguka, akainua mabega. Na alipoulizwa kuhusu baridi, ingawa hakuwa mtu wa kulalamika, alinyoosha mikono yake mbele ya kamera. Vinyweleo vilikuwa vimesimama.

Ndiyo maana ya koti. Fundi alikata mwenyewe, kazi ambayo hakuizoea, akashusha bega la kulia kwa kukumbuka. Mdogo mtu naye alishona mwenyewe, kazi ambayo hakuizoea pia. Dada alipeleka kipande, sindano na maagizo, kisha akakishikilia kidege mbele yake akimtazama anavyohangaika. Aliandika: PIGA BANDI KWANZA. Yule alikunja uso kama wanavyokunja wadogo wote wanapoamrishwa, akapiga bandi, mishono ya mkono ya kushikiza vipande kwanza.

Jumamosi ya mkono wa kushoto, Fundi alikuta watu wamesimama mbele ya ubao mpya langoni mwa uwanja. Kando yake kulikuwa na afisa wa anga, kijana nadhifu, ana kompyuta ya mkononi na mwavuli.

Ubao ulisema kwamba anga iliyo juu ya miti sasa ni njia ya mizigo. Kampuni moja ilikuwa imeanza kupelekea watu bidhaa kwa droni, na droni zake zilihitaji nafasi. Warushao kwa starehe waliombwa wabaki chini ya miti.

"Chini ya miti kuna nini cha kuona?" Mwalimu akauliza.

"Miti," afisa akasema, bila kebehi.

Juu ya vichwa vyao droni za kwanza zilikuwa zinapita, nyeupe, kubwa kama masinia, kila moja imeshika boksi tumboni. Zilifuatana kwa mstari. Zilipofika mahali fulani zilipinda kidogo kushoto, kisha zikarudi kwenye mstari wao.

Fundi alimsogelea afisa. "Pale zinapopinda ni kwa mdogo wangu."

Afisa alitazama kompyuta yake. "Ndiyo, tumemwona. Ameingizwa kwenye ramani kama kizuizi cha kudumu. Usiwe na wasiwasi, mama, hazitamgusa."

"Zinampita kushoto."

"Kushoto, ndiyo."

"Basi mimi nitapita kulia. Nina mkono mmoja tu wa kumpelekea."

"Haiwezekani, mama. Yeye yupo tu. Wewe utakuwa unaruka."

Hakusema kwa ukali. Alimwelekezea hata mwavuli, jua lilikuwa kali. Fundi aliukunja mkono wa koti akaurudisha kwenye mfuko.

Walikaa chini ya miti kwa muda. Kisha kampuni ikaongeza sabuni na dawa za meno kwenye bidhaa zake, ubao ukabadilishwa, na starehe ikashushwa mpaka usawa wa paa. Ikaongeza miwani na vyakula vya paka, starehe ikashuka mpaka usawa wa kichwa cha mtu. Kinyozi mmoja aliyekuwa mrefu kupita wenzake aliuliza kichwa cha nani, na ubao ukaja kurekebishwa: goti. Tangu hapo warusha videge wakawa wanachuchumaa. Walirusha juu ya nyasi, wakivizungusha kwenye vichuguu, wakatazama kwenye skrini zao visigino vya wenzao. Kuku wa jirani waliruka juu kuliko wao, na hakuna aliyewadai kibali. Baadhi ya wanachama waliuza videge vyao. Wengine walisema ukishazoea, goti si haba.

"Mimi nimegundua aina ya sisimizi," Mwalimu akasema, akiwa amechuchumaa. "Miaka yote hii narusha juu yao tu."

"Ukishasimama utuambie," kinyozi akamjibu. "Maana mgongo wako wiki iliyopita ulitoa sauti kama mlango."

Fundi hakuchuchumaa. Alisimama katikati ya uwanja, mkono wa koti kwenye mfuko, akatazama pale mstari mweupe ulipopinda. Kwa macho matupu mdogo wake alionekana kama doa la wino lililotawanyika kidogo. Hakuweza kujua kama anamwona. Hakuweza kujua kama amevaa lile koti lenye mkono mmoja au amelivua. Msimu wa upepo ulikuwa unakaribia, na ndicho kitu alichokifikiria akifunga duka, akifungua duka, akikata uzi kwa meno.

Mwishowe alipiga simu kwa kampuni.

"Tunafikisha popote," ikasema sauti changamfu ya msichana.

"Nina mkono wa koti."

"Umeununua kwetu?"

"Nimeushona."

"Pole, mama, tunafikisha vilivyonunuliwa kwetu tu. Makoti tunayo. Dogo, la kati na kubwa."

"Mnalo lenye bega moja limeshuka?"

Msichana alitafuta kwa dhati, vidole vyake vikasikika vikigonga. "Hilo hatuna."

"Uzi je?"

"Uzi upo."

Fundi aliagiza uzi, ingawa hakujua wa nini. Msichana alipouliza ghorofa ya ngapi, alimwambia hakuna ghorofa, ni juu ya uwanja, pale mnapopinda. Mahali hapo palikuwa kwenye ramani tayari, kwa hiyo agizo likapita.

Jioni simu yake ililia. Kampuni ilikuwa na utaratibu wa kumpiga picha kila anayepokea, iwe ushahidi. Mdogo wake alikuwa ameketi, kigogo kilichozungushiwa uzi mkononi, koti limefungwa vishikizo vyote vya mbele, mkono wa kulia umefunikwa na wa kushoto uko wazi mpaka begani. Alikuwa amekonda kidogo, au ni kamera. Chini ya picha waliandika: IMEPOKELEWA. UNATUPA NYOTA NGAPI?

Fundi akabonyeza zote.

Akaagiza tena. Katika picha ya pili mdogo mtu alikuwa ameshika uzi mmoja na kuonyesha vidole vya mkono mwingine vyote vitano. Dada aliigeuza simu huku na huku, akaenda nayo kwa jirani muuza viungo.

"Anakuaga," jirani akasema.

"Hapana. Anaomba zaidi."

"Uzi wote huo anashona nini, wakati kitambaa hana?"

"Hata mimi nataka kujua."

Alimpelekea. Kila picha iliyokuja ilizidi kumpa hamu ya kuona inayofuata. Vigogo vitupu vilikuwa vinaongezeka kando yake hewani, vimepangwa vizuri, na uzi wenyewe hauonekani. Kwenye picha moja alikuwa ameinama mno, kama mtu anayechungulia kisima, na kisogo chake tu ndicho kilichoonekana.

Jumamosi iliyofuata, kinyozi aliinuka kutoka kwenye nyasi na kufuta uso. Kitu kilikuwa kimemgusa shavu. Akadhani buibui. Alipokishika, kilikuwa uzi wa bluu, umeshuka kutoka juu wima kabisa, umefungwa mafundo kila mahali kigogo kimoja kilipoishia na kingine kilipoanzia. Mwishoni kulikuwa na sindano, isiyoyumba.

"Fundi," akaita, "huu ni wako."

Warusha videge walivishusha videge vyao nyasini. Fundi alitoa mkono wa koti kwenye mfuko, akachoma sindano mahali penye pindo, akazungusha uzi mara kadhaa na kufunga. Afisa wa anga, aliyekuwa langoni akibadilisha ubao, alikuja kuangalia. Alifungua kanuni zake akazisoma mwanzo hadi mwisho, na wote wakamsubiri kwa heshima.

"Uzi hauna mapanga," hatimaye akasema. "Wala betri."

"Hauna," Mwalimu akathibitisha.

Fundi alivuta uzi taratibu, kama mtu anayebisha hodi. Uzi ukakazika, kisha mkono wa koti ukaondoka kiganjani mwake. Ulipita usawa wa goti, wa kichwa, wa paa, ukajizungusha kwenye miti na kutoka. Ulipofika kwenye mstari mweupe, droni za mizigo zilipinda kushoto kama zilivyozoea, na mkono ukapanda kulia kwao, ukipungiapungia kwa sababu ya upepo, mpaka ukawa doa, mpaka ukaingia ndani ya doa jingine.

Jumatatu ubao ulikuwa umeongezewa maneno mawili: NA NYUZI. Kampuni nayo iliondoa uzi kwenye bidhaa zinazoweza kupelekwa juu ya uwanja. Fundi alipopiga simu, msichana yuleyule alimwomba radhi na kumshauri sabuni, ilikuwa na punguzo. Akaagiza sabuni.

Picha ilikuja wakati anapiga pasi sare za wanafunzi. Aliiweka pasi pembeni kwanza. Mdogo wake alikuwa ameketi, sabuni pajani, amevaa koti lenye mikono yote miwili. Wa kushoto alikuwa ameushona kinyume, kiwiko kimekuja mbele, na kitambaa kilimvuta kwapani hata mkono wake ukasimama kama wa mtu aliyebeba ndoo isiyokuwepo. Ni kosa la mtu aliyeshona peke yake. Angekuwa na mtu wa kumtazama, angeambiwa kabla ya kukata uzi.

Muuza viungo alikuja kurudisha mkasi, akachungulia picha. "Mkono umegeuka."

"Nimeona."

"Si umwambie?"

Fundi alitazama nje. Juu ya mtaa mizigo ilikuwa inapita, mmoja nyuma ya mwingine, na mbali kule uwanjani migongo ya warusha videge ilionekana kidogo tu juu ya nyasi. Jirani naye akatazama, akauweka mkasi mezani.

Fundi aliikuza picha kwa vidole viwili. Akapita kola, akapita bega lililoshuka, akaendelea kuikuza mpaka mshono wa kwapa ukajaza skrini nzima. Bandi zilikuwa zimenyooka. Zilikuwa fupi, zimelingana, zimefuatana mzunguko mzima bila kuruka.

Akabonyeza nyota zote, akaagiza sabuni nyingine.