Swali Lililokaa Barazani

Pikipiki ilikuwa imeshaiacha Kamuli nyuma, na Kemirembe hakuwa amefunga hata mlango wa kibanda chake cha ufundi simu. Bisibisi bado ilikuwa mkononi. Aligundua hilo kwenye mteremko wa kwanza, akaitia mfukoni, akamwambia Edgar aongeze mwendo.

"Dada, barabara hii haiongezwi mwendo," Edgar alisema bila kugeuka. "Barabara hii inaombewa."

Akampigia baba yake tena. Haipatikani. Mzee Rwegoshora wa Mabira alizima simu kila alipomaliza shughuli nayo, kama mtu anayezima koroboi kutunza mafuta. Na shughuli yake ya leo, baada ya misa, ilikuwa kuuliza programu ya binti yake kama migomba yake ni mizima.

Programu yenyewe Kemirembe aliiandika peke yake, jioni kwa jioni, baada ya wateja kuondoka. Mnyauko wa migomba ulikuwa unatembea kilima kwa kilima, ukiingia kwenye kibanja chenye afya, mara nyingi kwa panga lililokata mgonjwa bila kupitishwa motoni, na kuacha mashina yanayotoa usaha wa njano. Mtaalamu ni mmoja, vijiji ni vingi. Basi mkulima atume ujumbe, aulizwe: majani yamegeuka njano? Ndizi zinaiva kabla ya wakati wake? Ajibu ndiyo au hapana, kisha aambiwe hali yake. Cleophace, mwenyekiti wa kikundi cha wakulima, aliipenda mpaka ikamkosesha subira. Akaahidi namba itasomwa makanisani Jumapili, kwa Wakatoliki na kwa Walutheri.

Katikati ya wiki Kemirembe alijaribisha simu mbili kwa mpigo. Jibu la hii likaenda kwa ile. Akajaribu tena, mambo yakawa sawa. Akajaribu tena na tena, sawa. Lakini alikuwa ameshaona, kama mtu aliyeona mkia wa nyoka ukiingia chini ya kitanda. Atalalaje?

Cleophace alimwambia kosa la mara moja ni bahati mbaya tu, mnyauko hausubiri. Kwa hiyo akaenda kuuliza kwa wakubwa wa kazi, kwenye ukumbi wa mtandaoni wanakokutana waandika programu wa Kiswahili. Ndiyo kwanza anaingia. Vyumba vya ukumbi ule vilipewa majina ya nyumba: Barazani, Sebuleni, Jikoni, Uani, Darini. Chini ya jina hakukuwa na neno la kueleza. Wenyeji walijua. Mgeni ajijue.

Kemirembe alifikiri kama alivyolelewa. Kwao mgeni hapiti moja kwa moja hadi jikoni kwa watu. Anakaa mbele ya nyumba, analetewa kahawa ya kutafuna, anatafuna taratibu, ndipo mwenye nyumba anamuuliza kilichomleta. Akaliweka swali lake Barazani, kwa adabu, na salamu juu yake. Watu wakaja. Karibu dada. Karibu sana Kagera. Mmoja akaweka picha ya chai. Akashukuru kila mmoja, akangoja aulizwe. Hakuulizwa. Ijumaa ikapita, Jumamosi ikapita, naye hakupiga kelele, kwa sababu mgeni hapigi kelele.

Jumapili namba ikasomwa. Ujumbe ulimiminika kama mvua ya vuli, Kemirembe akiutazama kwenye kioo, na kati yake akaona namba ya baba yake. Hapana, hapana, hapana, hapana. Na chini yake, jibu: *Kata migomba yote, fukia.* Katika sekunde ile ile namba nyingine, isiyo na jina kwenye simu yake, ilikuwa imejibu ndiyo tupu, ikaambiwa: *Shamba lako ni zima.* Huyu atapigiwa baadaye, alijisemea. Hakuna aliyeumia kwa kuambiwa mzima. Akaizima programu, akakimbilia pikipiki.

Juu ya kilima mtandao ukarudi na simu ikatetemeka mfukoni, ikigongana na bisibisi. Alikuwa mtu wa ukumbini aitwaye Dusabe. Aliandika kwamba swali amelihamishia Jikoni, Barazani ni salamu tu, matatizo hayasomwi pale. Jibu lilikuwa chini yake, la mistari miwili: unaweka majibu ya watu wote kwenye chungu kimoja, wawili wakipakua pamoja watabadilishana, mpe kila mtu chungu chake. Wapishi watatu walikuwa wameliona na kukubaliana kabla chai haijapoa.

Alikisikia kibanja cha kwao kabla hajakiona. Sauti nzito yenye maji, panga kwenye shina, kisha kimya, kisha kishindo.

"Tata!" alimwita baba yake.

Mzee alisimama. Nusu ya migomba ilikuwa chini, majani yake bado mabichi. Binti akamweleza, akihema. Mzee akasikiliza mpaka mwisho, kisha akaketi juu ya shina alilokwisha kuliangusha.

"Nilijua ni mizima," alisema. "Nikasema labda mashine ya mwanangu imeona nisichokiona."

Hakumlaumu. Akaitazama nusu iliyobaki imesimama, akasema Mungu hakunyimi vyote. Kemirembe naye akaitazama. Kila shina lilikuwa na mkato mfupi usawa wa kifua, unaochuruzika utomvu.

"Hizi ni nini?"

"Alama. Nilipita kwanza kuyaaga, kila moja nikalitia alama, ndipo nikaanza kukata."

"Kwa panga hili?"

"Hili. Langu mpini umekufa. Jirani Benadeta kaniazima, ametoka kukatia mkungu. Tulikuwa pamoja nje ya kanisa, tukabonyeza simu pamoja."

"Umelipitisha motoni?"

"Motoni kwa nini?" Mzee alishangaa. "Benadeta kaambiwa shamba lake ni zima."

Kemirembe alilichukua panga kutoka mkononi mwake. Kwenye bapa, karibu na mpini, palikuwa na kitu cha njano kilichokauka.

Programu ilirekebishwa siku ile ile, na tangu hapo haijakosea. Cleophace bado ni mwenyekiti. Edgar bado anapita barabara ile ile. Dusabe aliomba kila chumba cha ukumbi kiandikwe kazi yake chini ya jina, wageni waelewe. Ombi lake liliwekwa Uani, na mpaka leo liko Uani. Benadeta aling'oa migomba yake yote, akahamia kwa mwanawe Nyakahanga. Kemirembe anatengeneza simu Kamuli, na maswali ya wengine huyajibu usiku huo huo, popote yalipowekwa. Mzee Rwegoshora amepanda maharage na mihogo. Nyumba yake, ambayo miaka yote ilifichwa na migomba, sasa inaonekana toka njiani, na mpita njia, hata mgeni, anaona moja kwa moja mpaka mlango wa jikoni.