Dakika Kumi na Moja za Babu

Ukoo wa kompyuta ndogo nyumbani kwa kina Tseng, pale Minhsiung, ulikuwa na watu watatu. Mkubwa alikuwa mweupe, wa inchi saba, mwepesi kama daftari na mwenye kumbukumbu ya kuku. Wa pili alikuwa mweusi, wa inchi kumi, akijiona msomi. Kitindamimba alikuwa kisanduku kisicho na kioo, kimejibanza nyuma ya televisheni kama mkwe aliyekosa kiti. Wote waliletwa na Shangazi Siok-hun, aliyefanya kazi katika kiwanda kilichowaunda, huko Taoyuan, naye akiuziwa kwa bei ya wafanyakazi.

Kila mmoja alikuwa na pakiti yake ya bisi za nazi kichwani, zile ambazo jina lake maana yake ni “uwe mtiifu,” ili awe na adabu. Pakiti iwe ya kijani. Ya njano au nyekundu ni kumchokoza shetani. Isifunguliwe, wala isipitwe na tarehe. Hata mabenki na mahospitali hufanya hivyo, na hakuna daktari anayecheka.

Bing-hong, mwenye umri wa miaka kumi na sita, alirudi nyumbani mwezi wa Desemba akiwa na barua ya shule. Bweni lilikuwa limempumzisha wiki mbili ili atafakari. Kosa lake lilikuwa dogo: alishika kipaza sauti cha bweni akaiga sauti ya mwalimu wa nidhamu, akatangaza kwamba mitihani ya Alhamisi imefutwa kwa sababu ya kimbunga.

“Kimbunga, Desemba?” Bibi aliuliza, barua mkononi.

“Waliamini, Bibi. Mabweni mawili mazima.”

“Basi wapumbavu wako wengi, na wewe ndiye mwenyekiti wao. Nawa mikono ule.”

Aliitafakari dhambi yake siku tatu, akachoka. Siku ya nne, Bibi alipokwenda sokoni, akamchukua yule mweupe ili aweke mchezo. Mashine ikamjibu kwamba nafasi imejaa. Bing-hong hakuwa mtu wa kubishana na mashine. Aliizima, akaiwasha huku amebonyeza kile kitufe cha juu ambacho kila mwanafunzi anakijua, kile kinachoirudisha ilivyotoka kiwandani. Dakika tano tu. Mashine ikaamka safi kama mtoto mchanga, haimjui mtu. Akaweka mchezo wake, akairudishia pakiti kichwani kwa heshima zote.

Kesho yake aliamshwa alfajiri na kimya. Si kawaida kimya kumwamsha mtu, lakini Bibi hakuwa mtu wa kimya. Alizoea kugombana na sufuria. Bing-hong akatoka. Akamkuta ameketi mezani mbele ya uji wa viazi vitamu uliokwisha kufanya utando, ile mashine nyeupe ikiwa wazi. Anabonyeza, anangoja. Anabonyeza, anangoja.

“Babu yako hayumo,” alisema.

“Babu alifariki Machi, Bibi.”

“Najua alipofariki, nilikuwepo, wewe ndiye hukuwepo. Nasema hayumo humu. Shangazi yako alipoileta, babu yako alidhani ni simu. Akaongea nayo dakika kumi na moja. Kumbe ilikuwa inarekodi, na shangazi yako akaihifadhi sauti yake. Mimi humsikiliza kila asubuhi kabla hujaamka, wewe unayelala kama gogo.”

Ndiyo kwanza Bing-hong anasikia habari hiyo. Tangu mazishi alikuwa bwenini, na likizo nzima aliamka saa tatu.

“Alisema nini?” aliuliza, kwa sababu ilibidi mtu aseme kitu.

“Hakuna. Analalamika juu ya soya. Anagombana na paka wa jirani.” Kisha Bibi akaishusha ile pakiti ya kijani, akaisogeza karibu na macho. Midomo yake ikasoma tarehe. “Ishirini Novemba. Ona! Imepita wiki tatu. Ni mimi. Nilikuwa na kichaa gani hata nisiitazame?”

Hapo ndipo pangekuwa mahali pa kusema. Bing-hong alikuwa na sauti nyingi kooni: ya mwalimu wa nidhamu, ya mtangazaji wa redio, ya mpishi wa shule mwenye mafua. Yake mwenyewe hakuiona. Akasema, “Labda.”

Bibi akaenda dukani akaleta pakiti mpya. Akaiweka juu ya mashine, akaipigapiga begani kama farasi. “Itatulia. Itamrudisha.” Asubuhi iliyofuata hakuna. Ya pili yake hakuna. Alikuwa anaomba radhi sasa, kwa sauti ndogo, mara kwa mashine, mara kwa picha ya Babu ukutani. Bing-hong alimpigia simu Shangazi kwa siri.

“Ukibonyeza hicho kitufe, kila kitu kinaandikwa upya juu ya cha zamani,” Shangazi alisema. “Hakuna kinachobaki. Kwa nini, umefanya nini wewe?”

“Ni somo la shule,” alijibu, akakata simu.

Wahenga walisema majuto ni mjukuu, na mjukuu mwenyewe ndiye huyo, amejifungia ghalani mchana kweupe kati ya magunia ya soya, mashine nyeupe magotini. Babu yake alikuwa ameuza tofu, ile jibini laini ya soya, yenye tangawizi, kwa baiskeli miaka arobaini. Sauti yake ilikuwa kama mlango wa bati. Bing-hong aliijua kuliko zote. Ndiyo ya kwanza aliyojifunza kuiiga, akiwa na miaka sita, na Babu ndiye aliyecheka mpaka akaangusha ndoo.

Akaanza kurekodi, akaongea kwa sauti hiyo dakika kumi na moja. Alilalamika juu ya soya. Alimtukana paka. Alikohoa panapostahili. Na mara kwa mara aliita, “Wee, mama! Umekula?” kwa sababu hivyo ndivyo Babu alivyomwita Bibi siku zote. Alipomaliza uso wake ulikuwa umelowa machozi, na hakukumbuka yalianza saa ngapi.

Asubuhi Bibi alibonyeza, na sauti ikatoka. Alishika ukingo wa meza kwa mikono miwili. Alisikiliza soya yote. Alisikiliza paka. Bing-hong alisimama mlangoni akiomba kitu asichokijua jina. Alisikiliza mpaka mwisho, kisha akafunga mashine polepole.

“Umemwiga vizuri,” alisema. “Hata kikohozi.”

“Bibi…”

“Miaka arobaini na tisa ameniita Wee. Mbele ya watu Wee, jikoni Wee. Hospitalini, na mrija puani, Wee. Mle ndani, mwishoni kabisa, alipodhani simu imekatika na hakuna anayemsikia, aliniita Chai-ha, jina langu. Mara moja tu. Mimi nilikuwa nangoja dakika kumi na moja kila siku kwa ajili ya hiyo.”

Ndipo Bing-hong alipoyatoa yote, kitufe, mchezo, simu ya Shangazi, kwa sauti yake mwenyewe, ambayo ilikuwa nyembamba na ilikatikakatika. Akamalizia, “Naweza kulisema, Bibi. Kwa sauti yake. Naweza…”

“Usithubutu.”

Hakupiga kelele. Angepiga kelele ingekuwa nafuu.

Akaitazama ile pakiti, akauliza, “Kwa hiyo si pakiti?”

“Si pakiti.”

“Umeniacha nimwombe radhi siku nne.”

Wiki mbili zilipokwisha, Bibi alimfungia nguo, akampa chupa ya maziwa moto ya soya, kama kawaida. Mlangoni akaingia ndani tena, akarudi na ile pakiti ya kijani, mpya, aliyoishusha kutoka kichwa cha mashine nyeupe.

“Kula.”

“Hii ni ya mashine, Bibi.”

“Haina cha kulinda tena. Kula, zisiharibike.”

Akaifungua. Bibi alisimama pale pale akimtazama, na Bing-hong akazila moja moja, zikilia mdomoni mwake, mpaka pakiti ikaisha.